Wanaokataa chanjo kijijini: tuwaitie polisi?

Swali: Daktari, mimi ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, katika kijiji kimoja wilayani Busia, upande wetu wa Uganda. Nina kaya nne zinazokataa kabisa kuchanja watoto. Moja ni ya watu wa dini ile wanayoiita 666. Mbili wanasema chanjo inaharibu kizazi. Ya nne baba anasema yeye hakuchanjwa na ni mzima hadi leo. Tangu tusikie habari za surua kijiji cha pili, wananchi wamekuja juu. Wengine wananitaka niite polisi, wengine wanataka watoto wa nyumba hizo wafukuzwe shule, na kina mama wa kikundi cha akiba wamesema hawataki tena kukaa na wanawake wa nyumba hizo. Sheria ipo, najua. Lakini hawa ni watu wangu. Jamii iwafanyeje wanaokataa chanjo?

Jibu: Mwenyekiti, pokea salamu zangu, na poleni kwa hofu iliyowaingia.

Nianze na jibu lenyewe. Polisi usiwaite sasa. Watoto wasifukuzwe shule kwa uamuzi wa wazazi wao, ila surua ikithibitishwa hapo kwenu, wale ambao hawajachanjwa wakae nyumbani kwa muda mpaka hatari ipite. Kina mama wa kikundi wasiwatenge wenzao hata siku moja, na nitaeleza kwa nini hili la tatu naliona zito kuliko yote. Na hizo kaya nne usizitie kapu moja, maana kila nyumba inaogopa kitu chake.

Nasema hivi nikijua fika surua ni nini. Inaanza kama mafua tu: homa, kikohozi, macho mekundu yanayochuruzika. Baada ya siku tatu au nne upele unachomoza usoni na nyuma ya masikio, kisha unashuka mwilini. Wengi hupona. Wanaoumizwa zaidi ni watoto wadogo, wenye utapiamlo na wenye upungufu wa vitamini A. Hao hupata nimonia, kuhara, vidonda vya macho vinavyoweza kupofusha, na wachache huvimba ubongo. Mgonjwa anaambukiza siku nne kabla upele haujaonekana, wakati mama yake bado anadhani ni mafua na anamtuma dukani. Hewa ya chumba alichokaa inaweza kuambukiza hadi saa mbili baada ya yeye kutoka. Kati ya watu wasio na kinga, mgonjwa mmoja huambukiza wengine 12 hadi 18. Nimeona wodini mtoto wa miezi saba akihangaika kuvuta pumzi, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta hewa. Umri wake wa kuchanjwa surua ulikuwa bado. Aliipata kwa mtoto wa jirani.

Kwa hiyo wananchi wako hawajakosea kuwa na hofu, na usiwaambie wametia chumvi. Yule baba wa kaya ya nne atawauliza: kama wenu wamechanjwa, wangu anawadhuru nini? Ni swali halali, na jibu lake ni la hesabu. Chukua watoto 100 hapo kijijini waliokwisha kutimiza miezi 9. Tuseme 95 wamepata dozi moja ya surua. Dozi moja ya umri huo hukinga takriban watoto 85 katika kila 100. Maana yake katika wale 95, kama 81 tu ndio wana kinga ya kweli, na 14 walichomwa sindano lakini miili yao haikushika. Ongeza watano ambao hawakuchanjwa, unapata watoto 19 walio wazi, mbali na vichanga wa chini ya miezi 9. Wale 14 wana wazazi waliotimiza kila walichoambiwa, na hakuna anayejua ni nani kati ya 95. Ndiyo maana Uganda imeongeza dozi ya pili ya surua na rubela katika miezi 18, maana dozi mbili hukinga watoto 97 katika 100. Na ndiyo maana uamuzi wa mtu mmoja kuhusu mtoto wake unaishia kwenye kifua cha mtoto wa mwingine.

Sasa, kabla hujagonga mlango wa kaya hata moja kati ya hizo nne, nakuomba ufanye jambo ambalo hukuniuliza. Mwambie VHT wako, mhudumu wa afya wa kijiji, apite nyumba zote za kijiji, akague kadi za chanjo za watoto wote wa chini ya miaka mitano. Utashtuka. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulikuta kwamba watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili waliopata chanjo zote za msingi walikuwa asilimia 55 tu. Ambao hawakupata hata moja walikuwa kama asilimia moja. Pengo kati ya namba hizo mbili ni kubwa, na halijazwi na wakataaji. Limejaa watoto wa wazazi walioanza wakaachia njiani. Kadi ina alama ya chanjo ya siku ya kuzaliwa, ya wiki ya sita, pengine ya kumi, halafu mistari mitupu.

Kwa nini waliacha? Mara nyingi ni sisi wa upande wa afya tuliowaachisha. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, kwa kawaida cha dozi 10, na nesi huichanganya na maji yake maalumu. Ikishachanganywa, baada ya saa sita kilichobaki kinamwagwa. Basi mama anafika na mtoto mmoja mgongoni, ametembea saa nzima au amelipa boda boda, na nesi akitazama benchi anaona watoto wawili tu. Anaogopa kufungua kichupa kwa wawili kisha amwage dozi nane. Anamwambia mama: rudi Jumatano, watakuwa wengi. Jumatano mama ana gulio. Jumatano inayofuata mvua ya kupanda imenyesha. Mtoto anatimiza mwaka bila chanjo ya surua, na mtu anakuja kumwandika mama kwenye orodha ya wakaidi. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi hili lilikuwa jambo la kila wiki, na kinachoniuma ni kwamba mwongozo uko wazi: ni afadhali kumwaga dozi kuliko kumrudisha mtoto. Ongea na mkuu wa kituo chenu. Muulize wazi: je, mnafungua kichupa kwa mtoto mmoja? Ukipata jibu zuri, utakuwa umekinga watoto wengi kuliko kaya zote nne zikikubali kwa pamoja.

Turudi kwenye milango minne.

Yule baba mzima ambaye hakuchanjwa ndiye rahisi kuliko wote, na nadhani atakubali. Anajivunia mwili wake, hachukii chanjo. Usibishane naye juu ya mwili wake. Mpe habari ya Ali Maow Maalin, Msomali wa mji wa Merca. Alikuwa mpishi wa hospitali, na wenzake walipokuwa wakichanjwa ndui yeye alikwepa kwa sababu aliona sindano inauma. Oktoba 1977 akaugua ndui. Alipona, na ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata ndui kwa maambukizi ya kawaida. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni ya polio kwao Somalia, akipita kwa wazazi waliokuwa wakisita na kuwaeleza kwamba na yeye aliwahi kukataa. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Huyu alikuwa mkataaji, mwenyekiti, na hakuna daktari ambaye angewashawishi wale wazazi vizuri kuliko yeye. Kijijini kwako naye yumo mzazi aliyesita zamani kisha akakubali. Mtafute, umtume yeye kwa huyo baba. Wewe kaa nyumbani.

Kaya mbili za "inaharibu kizazi" zinahitaji muda zaidi, na hapa naomba tuzungumze kwa kirefu kwa sababu hofu hii imeenea nchi nzima na haikuanguka kutoka mbinguni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na matangazo ya redio magharibi mwa nchi yetu yaliyopinga matone ya polio, na watu wakaficha watoto. Mwaka 2015 tulipoanza kuchanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, hofu ikapata makao mapya: kwa nini wasichana tu, na kwa nini kabla hawajaolewa? Ukiwa mzazi ambaye hakuna aliyewahi kukaa nawe akakueleza, swali hilo ni la akili kabisa. Jibu ni kwamba virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, na chanjo hufanya kazi vizuri zaidi ikimfikia msichana kabla hajakutana navyo. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanawake wa Uganda. Anayechanjwa analindiwa mji wake wa mimba.

Kisha ikaja korona, na imani iliyokuwa imejengwa kwa miaka ikapasuka. Katikati ya mwaka 2021, wimbi la pili likiwa limeshika, serikali yenyewe ilitangaza kwamba matapeli Kampala walikuwa wamewadunga mamia ya watu chanjo bandia, na vichupa vilivyopimwa vilikutwa na maji. Mapema mwaka 2022 Bunge likawa linajadili pendekezo la kumtoza mtu asiyechanjwa korona faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miezi 6. Ukiyaweka hayo mawili pamoja masikioni mwa mtu wa kijijini, utaelewa kwa nini anayaona matone ya polio, sindano ya surua na korona kuwa kitu kimoja chenye nia moja. Mtu aliyeogopa baada ya habari kama hizo ana sababu. Ukimwita mjinga, umemfungia mlango mwenyewe.

Nyumba hizo mbili nenda na mtu wanayemwamini, shehe au katekista au bibi mzalishaji, na mwanzoni msiseme. Waulizeni: mlisikia nini, kwa nani, na ni chanjo gani hasa mnayoiogopa? Nimekaa kwenye mikeka mingi ambapo jibu la swali la tatu lilikuwa ni chanjo moja tu, na nyingine zote familia haikuwa na neno nazo. Basi mtoto alichanjwa zile nyingine siku hiyohiyo, na ile moja tukaiacha tukaendelea kuongea. Likija suala la kizazi, hoja ninayoipenda ni ya sensa. Programu ya taifa ya chanjo ilianza mwaka 1983. Sensa ya 1991 ilituhesabu milioni 16.7, ile ya 2014 ikatuhesabu milioni 34.6, na ya mwaka 2024 milioni 45.9. Watoto waliochanjwa miaka ya tisini ndio hao wanaojaza wodi za uzazi leo. Kama kuna mtu alitaka kutumaliza kwa sindano za watoto, alishindwa vibaya sana.

Nenda pia na nesi, na umwombe aoneshe vitu vyake mezani kabla ya kumgusa mtoto. Kwenye kichupa cha chanjo kuna alama ndogo: duara, na ndani yake mraba wa rangi nyepesi. Joto likiingia, ule mraba unaanza kukolea taratibu. Ukifikia weusi wa duara, chanjo hiyo haitumiki tena, hata tarehe yake iwe bado. Mama asiyejua kusoma anaweza kuutazama mwenyewe na kusema hii nzima, hii imeharibika. Sindano nayo ni ya kujifunga: ikisukumwa mara moja hairudi nyuma, kwa hiyo haiwezi kutumika kwa mtoto wa pili. Mpe baba ajaribu kuivuta. Watu walioibiwa mwaka 2021 wanastahili kukagua kwa macho yao, na nesi anayekasirika akikaguliwa hafai kutumwa nyumba hizo.

Wakikuuliza swali gumu, usidanganye hata kidogo. Wataweza kukwambia: tumesikia polio nyingine inatoka kwenye chanjo. Ni kweli, na ukikana wakaja kuthibitisha, umekwisha. Matone ya polio yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo dhaifu huweza kupita kutoka kwa mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, vikibadilika, mpaka vinapata tena nguvu ya kupoozesha. Mwaka 2021 virusi vya namna hiyo viligunduliwa katika maji taka Kampala, na Januari 2022 wahudumu wakapita nyumba kwa nyumba nchi nzima na matone mapya yaliyotengenezwa ili yasigeuke kirahisi. Tazama lakini wapi jambo hilo hutokea: panapobaki watoto wengi bila kinga. Na polio ya asili tunaijua, maana tulithibitishwa kuwa tumeimaliza mwaka 2006, na mwaka 2010 ikarudi Bugiri, jirani zako kabisa. Waambie pia mapema kwamba mtoto anaweza kupata homa ya siku moja mbili, au uvimbe pale alipodungwa. Mama aliyeambiwa kabla hashtuki usiku. Ambaye hakuambiwa atasema tulimpa mtoto ugonjwa, na atawaambia mtaa mzima.

Sasa kaya ya 666. Hilo jina wamepewa na watu, kwa hiyo wewe usilitumie mbele yao. Kundi hili linajulikana Busoga na maeneo ya jirani, na wamekataa mambo mengi pamoja na chanjo, hata kuhesabiwa kwenye sensa ya 2014. Hebu litafakari hilo. Sensa haina sindano. Mtu anayekimbia chanjo na sensa pia, hofu yake iko kwenye kuandikwa, kwenye namba na alama. Mimi nikienda kwao naacha daftari. Wakati wa kampeni, nesi huhesabu watoto kwa kuchora vijistari kwenye karatasi ya hesabu, hahitaji jina la mtu. Na ule wino unaopakwa kidoleni kuonyesha mtoto amechanjwa, kwa familia hii naomba usipakwe. Wino huo unatusaidia sisi wahudumu tusimchanje mtoto mara mbili, na VHT anayeijua nyumba anaweza kukumbuka bila wino. Sikuahidi kwamba watakubali. Wapo waliohama usiku timu ya chanjo ilipokaribia. Lakini askari wakitangulia, watahama hakika, na watoto wale watakuwa kijiji kingine ambako hakuna mwenyekiti anayewajua.

Hapo ndipo nakuja kwenye sheria. Tunayo Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017. Inamlazimu mzazi kuhakikisha mtoto wake amepata chanjo, inataka kadi ya chanjo mtoto anapoingia chekechea au shule ya msingi, na mzazi anayekaidi anaweza kufungwa hadi miezi 6. Siipingi sheria hii. Inaipa serikali wajibu, inasema waziwazi kwamba mtoto ana haki yake mbali na mzazi wake, na mkuu wa shule ana pa kusimamia. Lakini kifungo kina tabia yake, na dunia ilishajaribu. Uingereza ililazimisha chanjo ya ndui mwaka 1853, na kuanzia 1867 mzazi aliweza kutozwa faini tena na tena kwa mtoto yuleyule. Waliokosa fedha walinyang'anywa samani zikauzwa mnadani, wengine wakafungwa. Wenye uwezo walilipa tu wakaendelea kukataa. Kufikia 1885 maelfu kwa maelfu waliandamana mjini Leicester, na mwaka 1898 Bunge lao likalazimika kuruhusu mzazi mwenye kipingamizi cha dhamiri aachwe. Walikuwa na chanjo nzuri, dhidi ya ugonjwa wa kutisha kuliko surua, na bado faini ikawapa wapinzani mashujaa.

Fikiria baba wa kaya ya nne akifungwa Masafu au Tororo. Nani atalima? Mtoto atachanjwa, ndiyo, mara moja, huku analia na mama analia. Dozi inayofuata je? Na yule mdogo atakayezaliwa mwakani, mama atajifungulia wapi, kituoni au kwa siri? Sisi tunahitaji mama arudi wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, mwezi wa tisa na wa kumi na nane. Chanjo ya malaria iliyozinduliwa wilayani Apac Aprili 2025 peke yake ni dozi nne. Hakuna askari anayeweza kumleta mama kituoni mara zote hizo kwa kila mtoto anayezaa.

Wapo ambao ningetaka sheria iwakabili bila huruma. Mtu anayeuza chupa za mitishamba akitangaza kwamba zinafanya kazi ya chanjo, huku akiwatisha mama kwa uongo ili biashara iende. Anayechapisha kadi bandia. Mhudumu anayedai "chai" kwa chanjo ambayo serikali imeitoa bure. Hao wanajua wanachofanya na wanakula jasho la wanaowadanganya. Ukiwa na mmoja wa hao kijijini, mpeleke kunakohusika leo. Mzazi aliyeogopa baada ya kuwasikia ni mtu mwingine kabisa, na inanisikitisha kwamba kwetu anayekamatwa mara nyingi ni huyu wa pili, kwa sababu nyumba yake inajulikana na hana wakili.

Kwa mzazi, sheria iitumie kwa uzito wake bila pingu. Mwambie ipo, mwonyeshe inasemaje, mwambie wewe kama mwenyekiti unabanwa nayo kama yeye. Wapo baba wanaotafuta njia ya kukubali bila kuonekana wameshindwa mbele ya wazee wenzao, na "serikali imesema" inawapa njia hiyo. Ikiwa mlipuko umefika, watu wa afya wa wilaya wamekuja, familia imezungumza na watu tofauti, na bado mtoto aliye hatarini anafichwa, basi jambo limevuka uwezo wa LC1. Lipeleke kwa ofisi ya afya ya wilaya na afisa wa ustawi wa jamii, na hao ndio waamue hatua. Isiwe baraza lililojaa hasira saa kumi jioni.

Shule. Mwalimu mkuu ana haki ya kudai kadi, na afanye hivyo. Lakini mtoto asiye na kadi asirudishwe nyumbani na kufungiwa geti, maana ukimtoa shule umemnyang'anya kitu cha pili juu ya kile alichonyimwa na mzazi wake. Apewe barua yenye tarehe ya kwenda kituoni, na mwalimu afuatilie. Kadi nyingi zilishaliwa na panya au kulowa mvua, na mtoto asiye na kumbukumbu anaweza kuchanjwa upya bila madhara. Surua ikithibitishwa kijijini, hapo ni jambo jingine: wasiochanjwa wanabaki nyumbani, kwa muda watakaoambiwa na watu wa afya, kwa kawaida wiki tatu baada ya mgonjwa wa mwisho kutokwa na upele, kwa kuwa ugonjwa unaweza kujificha mwilini hadi siku 21. Waeleze wazazi kwamba hii ni kumlinda mtoto wao kwanza, na kwamba akichanjwa anaweza kurudi mapema. Aliyekaa na mgonjwa, akichanjwa ndani ya saa 72, bado anaweza kuepuka ugonjwa, kwa hiyo mzazi akibadili mawazo usiku wa manane apokewe bila kusimangwa.

Nimeacha kina mama wa kikundi cha akiba mwisho kwa sababu wao ndio wenye ufunguo, na sidhani kama wanajua. Mwanamke wa nyumba inayokataa anasikia mambo ya watoto wapi? Anasikia pale kikundini, wakati hesabu inapigwa na watu wanaongea. Hapo ndipo anaona mtoto wa mwenzake aliyechanjwa akitambaa, mnene, hana tatizo lolote. Hapo ndipo anaweza kumnong'oneza mwenzake kwamba yeye angependa, ila mume hataki. Na jambo hilo ni la kawaida sana: katika nyumba nyingi tunazoandika "wamekataa", aliyekataa ni mmoja. Mkimfukuza kikundini mnambakiza na sauti moja tu, ya mumewe au ya mhubiri wake. Isitoshe mnamnyima hela ya nauli ya kituo siku mtoto atakapougua. Nenda kaongee na mwenyekiti wa kikundi hicho kabla ya mkutano wao ujao. Mwombe wamkaribishe zaidi ya zamani, na wasimhubirie.

Vivyo hivyo hospitalini. Mtoto ambaye hakuchanjwa akiugua surua anatibiwa kama mwingine yeyote, anapewa vitamini A, anapewa kitanda. Nimesikia manesi wakimwambia mama "ulikataa, sasa unataka nini." Ukisikia hivyo kwenye kituo chenu, mlalamikie mkuu wa kituo kwa maandishi. Mama mwingine aliyesimama kwenye foleni amesikia, na yeye atachelewa kumleta wake.

Kwa wiki hii, basi: VHT apite na kadi zote. Wewe ukaonane na mkuu wa kituo mpange siku ya chanjo hapo kijijini, ikiwezekana siku isiyo ya soko, na kwa kuwa mko mpakani mwalike pia watoto wanaolala huku na kusoma upande wa Kenya, maana surua haioni kizuizi cha forodha. Kaya nne zitembelewe baada ya siku hiyo, wakati kijiji kizima kimeshachanja na mabishano yamepoa. Na ukiona mtoto yeyote mwenye homa na upele, wa nyumba yoyote, peleka habari kituoni siku hiyohiyo ili apimwe damu. Usisubiri siku ya chanjo.